Alamisho Kumi na Nne

Nje baridi imeshuka nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Ndani ya basi ninazo nyuzi saba tu, za pamba,
nimezipanga juu ya dashibodi kwa rangi
zisisokotane kama maneno ya baraza.

Baraza lilipiga kura mwezi wa Novemba:
basi la maktaba, mwisho Machi.
Sikusema kitu. Nilikwenda kwa Raili muuza nyuzi
nikanunua mita moja ya kitambaa chenye vitundu kama chujio
na sindano butu, wanayopewa watoto.
Akanifundisha pale pale kaunta:
mguu wa kushoto kwanza, kisha wa kulia juu yake,
na miguu yote ya juu ilale upande mmoja,
la sivyo kazi yako, Urho, itafanana na nywele
za mtu aliyeamshwa na simu.

Nikakata vipande kumi na vinne,
kimoja kwa kila msomaji aliyebaki kwenye njia yangu,
kilomita mia mbili na arobaini za misonobari na theluji.

Tuovi hukunja pembe za kurasa; nimemkanya miaka tisa.
Nimemdarizia sungura, sikio moja limekunjwa.
Eevert: ukurasa wa mia na kumi na mbili
niliwahi kukuta kipande cha soseji ya moshi,
kimekauka, kimeacha mwezi wa mafuta kwenye sura ya harusi.
Yake ni soseji nyekundu, misalaba thelathini na minane. Ataelewa.
Mapacha wa Heikura husoma kitabu kimoja kwa kufukuzana:
mmoja kichwa cha mbweha, mwingine mkia.

Usiigeuze kazi yangu, nakuomba.
Huko mgongoni ni mafundo, uzi umeruka kutoka ua hadi ua
kama mimi ninavyokatiza shamba la Karvonen nikichelewa.
Sungura nilimfumua mara tatu.
Vidole hivi vimezoea gia na minyororo ya matairi;
sindano ilinipotea kwenye zulia siku mbili,
nikaipata kwa goti.

Ya kumi na nne ilikuwa ya Lahja.
Jina lake, kwa lugha yetu, maana yake zawadi,
nami nikahangaika wiki nzima:
umpe zawadi Zawadi, umpe nini?
Nikachagua matunda ya kinamasi, yale ya rangi ya chungwa
anayoyachuma Julai, mbu wakimla.
Nilikuwa kwenye tunda la pili
mwanawe aliposimama kituoni peke yake,
bila kofia, kitabu mkononi.
"Mama hakukimaliza," akasema. "Kuna faini?"
Hakuna faini.

Ndani, ukurasa wa mia mbili na tatu,
uzi mwekundu wa sufu, uliochomolewa kwenye soksi.

Sasa niseme jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza:
mimi si msomaji. Mimi naendesha.
Miaka kumi na tisa nimebeba vitabu
nikijua uzito wao, si habari zao.

Jana usiku nikalidarizi tunda la tatu kwa uzi ule wa soksi.
Rangi haikulingana, unene ukazidi, vitundu vikalalamika.
Lakini matunda hayo huwa mekundu kabla ya kuiva;
basi na liwe bichi.

Kisha nikawasha taa ndogo iliyo juu ya rafu
nikaanza pale pale alipoachia, mia mbili na tatu,
katikati ya sentensi.
Kuna mwanamke ana hasira na mlango.
Sijui alikosewa na nani. Sijui mlango ni wa nyumba gani.
Injini imepoa, miguu imekufa ganzi,
na mwanamke bado hajabisha.

Nimefika mia mbili na tisa.
Nimeweka alama.